Msomaji wa Kwanza: Zaidi ya Miaka 350 ya Kupitia Kazi za Wanazuoni

Mwishoni mwa mwaka 1845, mswada mrefu wa fizikia uliwasili London kutoka Bombay. Aliyeuandika, John James Waterston, alikuwa Mskoti aliyeajiriwa na Kampuni ya Uhindi Mashariki ya Waingereza kuwafundisha vijana wa jeshi la majini namna ya kuongoza vyombo baharini. Hakuwa na cheo chuoni, wala jina lake halikuwa na uzito katika kumbi za wanazuoni. Lakini hoja aliyoileta ilikuwa nzito: kwamba gesi ni chembe ndogo mno zinazokimbia huku na huko na kugongana, na kwamba joto lake linatokana na mwendo wa chembe hizo. Leo mwanafunzi wa sekondari hufundishwa jambo hilo kama msingi wa somo.

Royal Society, chama kikongwe cha wanasayansi wa Uingereza, kiliwapa mswada ule watu wawili waupitie. Mmoja wao akatoa hukumu kwamba ni upuuzi mtupu, usiostahili hata kusomwa mbele ya wanachama. Muhtasari mfupi ukachapishwa, mswada wenyewe ukafungiwa kwenye kumbukumbu za chama. Waterston hakuwa amebaki na nakala. Alifariki mwaka 1883 bila kuiona kazi yake imepigwa chapa. Mwaka 1891 Lord Rayleigh, aliyekuwa katibu wa chama hicho, aliukuta mswada ule kwenye kumbukumbu, akatambua thamani yake, na mwaka uliofuata akauchapisha pamoja na utangulizi wake. Wakati huo heshima ya hoja hiyo ilikwisha kuwaendea Rudolf Clausius na James Clerk Maxwell, walioifikia kwa njia zao zaidi ya miaka 10 baada ya mswada wa Bombay.

Kisa hiki hutajwa sana na watu wanaoona kwamba mapitio ya wataalamu wenza, yaani desturi ya jarida kuwapa mabingwa wa fani makala waisome kabla ya kuichapisha, ni ukuta wa kuwazuia wageni. Ukifuata historia ya desturi hiyo tangu karne ya 17 unaona jambo jingine. Mfumo umebadilika mara nyingi: barua, kamati, kura za siri, ripoti zenye majina, ripoti zisizo na majina, na sasa tovuti. Katika mabadiliko yote hayo, matokeo yameamuliwa na swali lilelile: je, msomaji wa kwanza yuko tayari kushawishiwa na mtu asiyemjua?

Katibu na barua zake

Jarida la kitaaluma lilizaliwa mwaka 1665. Januari ya mwaka huo Denis de Sallo alianza kutoa Journal des Sçavans mjini Paris. Miezi miwili baadaye, tarehe 6 Machi, Henry Oldenburg akatoa toleo la kwanza la Philosophical Transactions mjini London. Oldenburg, Mjerumani mzaliwa wa Bremen, alikuwa katibu wa Royal Society, na kazi yake kubwa ilikuwa kuandikiana barua na wanazuoni wa Ulaya nzima. Barua hizo zilimponza: mwaka 1667, Uingereza ikiwa vitani na Waholanzi, alishukiwa na kufungwa kwa muda katika ngome ya Tower of London. Jarida aliliendesha kwa gharama yake, akitumaini kupata riziki kidogo humo, na yeye ndiye aliyechagua kipi kiingie na kipi kiachwe.

Baraza la chama liliagiza kwamba kabla ya toleo kutoka, baadhi ya wanachama walipitie. Agizo hilo halikuwa mapitio kama tunavyoyajua sasa, kwa kuwa wakati ule chapa yoyote nchini Uingereza ilihitaji kibali, na chama kilikuwa na mamlaka ya kutoa kibali hicho. Hofu kubwa ilikuwa kuudhi serikali au kanisa, wala si kukosea katika sayansi.

Hata hivyo chama hicho kilikuwa na njia yake ya kupima madai, nayo ilionekana wazi wazi katika kisa cha Antonie van Leeuwenhoek. Huyu alikuwa muuza vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, asiyejua Kilatini, lugha ya wasomi wa enzi yake. Mwaka 1676 aliandika kwamba kwa lenzi alizozisaga mwenyewe ameona ndani ya tone la maji viumbe hai wadogo ajabu, maelfu kwa maelfu. Wanachama wa London walitia shaka, na walikuwa na haki ya kutia shaka. Jaribio lao la kwanza la kuwaona viumbe hao halikufaulu. Leeuwenhoek akaleta ushahidi wa watu wa mji wake, wachungaji wakiwamo, walioshuhudia kwa macho yao. Kisha Robert Hooke akatengeneza vyombo vyake, akarudia kazi ile, na Novemba 1677 akawaonyesha wanachama wenzake viumbe hao wakiogelea. Muuza vitambaa akakubaliwa, na baadaye akachaguliwa kuwa mwanachama.

Aibu ya chama na kamati ya 1752

Karne ya 18 ilileta hatua mbili. Huko Edinburgh, chama cha waganga kilipoanza kuchapisha mkusanyiko wa makala za tiba mwaka 1731, wahariri walieleza kwamba kila andiko hugawiwa kwa wanachama wenye ujuzi zaidi wa jambo linalozungumziwa, na mwandishi hatajulishwa nani aliyelisoma. Humo tunaona kwa mara ya kwanza nguzo mbili za mapitio ya leo, yaani ubingwa wa msomaji na siri ya jina lake. Wahariri wale waliweka pia angalizo kwamba kuchapishwa kwa makala hakumaanishi chama kimethibitisha ukweli wake.

London ilisukumwa na fedheha. Mwaka 1751 mwandishi John Hill alichapisha kitabu kizima cha kuikejeli Royal Society, akiorodhesha makala dhaifu zilizokuwa zimetokea katika Philosophical Transactions. Lawama ziliiangukia taasisi, ingawa kwa muda wote huo jarida lilikuwa mikononi mwa makatibu. Mwaka 1752 chama kikalichukua jarida rasmi na kuunda Kamati ya Makala. Wajumbe wasiopungua watano walikutana, wakasikiliza muhtasari wa kila andiko, kisha wakapiga kura ya siri. Hakukuwa na mjadala wa maandishi wala maelezo kwa mwandishi. Ama andiko lilipita, ama halikupita.

Kamati ile ililinda jina la chama, na kwa kazi hiyo ilitosha. Ila haikumsaidia mwandishi kuiboresha kazi yake, kwani kura haisemi kosa liko wapi.

Whewell na ripoti ya kwanza

Mwaka 1831 William Whewell, mwanazuoni wa Cambridge, alitoa pendekezo alilolichukua Paris. Huko Ufaransa, Chuo cha Sayansi kilikuwa na desturi ya kuwateua wajumbe waandike ripoti juu ya kazi zilizoletwa. Whewell alitaka Royal Society ifanye vivyo hivyo: wataalamu wawili wasome, waandike ripoti, waweke saini zao, na ripoti ichapishwe. Alitazamia kwamba ripoti hizo zingeieleza sayansi kwa umma na kumpa kila mwandishi uhakika kwamba angalau watu wawili wameisoma kazi yake kwa makini.

Makala ya kwanza kupitishwa kwenye utaratibu huo ilikuwa ya George Airy, kuhusu jinsi mwendo wa Dunia na wa Zuhura unavyoathiriana. Wapitiaji walikuwa Whewell mwenyewe na John William Lubbock. Mara wakatofautiana. Whewell alitaka ripoti ieleze umuhimu wa ugunduzi na kumtia moyo mwandishi, naye Lubbock alitaka kuonyesha dosari za hesabu moja baada ya nyingine. Walivutana kwa muda, hatimaye Lubbock akalegeza kamba, na ripoti ikachapishwa mwaka 1832 kwa namna aliyoitaka Whewell.

Mvutano ule haujaisha hadi leo. Mpitiaji afanye kazi ya kuonyesha thamani, au ya kusaka makosa? Kila mhariri anazijua ripoti za aina zote mbili. Baada ya miaka michache desturi ya kuchapisha ripoti ilikufa, ripoti zikawa siri, na mpitiaji akawa mtu asiye na jina mbele ya mwandishi. Lubbock aliendelea kupitia miswada ya chama. Mwaka 1846, ulipomfikia mswada wa mwalimu mmoja kutoka Bombay, ni yeye aliyeandika kwamba ni upuuzi mtupu. Ripoti ile haikukusudiwa isomwe na Waterston wala na umma, na hapakuwa na mtu wa kumdai Lubbock sababu zake.

Einstein akasirika

Wengi hudhani kwamba tangu enzi hizo majarida yote yalifuata njia ya Royal Society. Sivyo. Mpaka karne ya 20 kuingia, majarida mengi yaliongozwa na mhariri na marafiki wachache. Mwaka 1905 Albert Einstein alipopeleka makala zake maarufu kwa jarida la Annalen der Physik la Ujerumani, ziliamuliwa na wahariri wenyewe, akiwamo Max Planck, bila kupelekwa nje.

Ndiyo maana Einstein alishangaa sana mwaka 1936. Akiwa amehamia Marekani, yeye na msaidizi wake Nathan Rosen walipeleka kwa jarida la Physical Review makala iliyohoji kuwapo kwa mawimbi ya mvutano. Walidai hesabu zao zinaonyesha kwamba mawimbi hayo hayawezi kuwapo. Mhariri, John Tate, aliituma makala kwa mtaalamu mmoja, naye akarudisha ripoti ya kurasa 10 ikionyesha mahali hesabu zilipopotoka. Tate akampelekea Einstein ripoti hiyo kwa heshima, akiomba majibu. Einstein alijibu kwa hasira kwamba makala aliituma ichapishwe, wala hakuwa ametoa ruhusa ionyeshwe kwa wataalamu kabla ya kupigwa chapa. Akaiondoa makala, na hakuwahi tena kupeleka utafiti wake mpya kwa jarida hilo.

Mpitiaji alikuwa Howard Percy Robertson, mwanafizikia wa Princeton. Jina lake lilithibitishwa mwaka 2005, pale kumbukumbu za jarida zilipofunguliwa. Robertson angeweza kunyamaza baada ya kudharauliwa. Badala yake aliporudi Princeton alifanya urafiki na Leopold Infeld, msaidizi mpya wa Einstein, akaketi naye na kumwonyesha kosa hatua kwa hatua bila kusema kwamba ndiye aliyeandika ripoti. Einstein, ambaye kwa wakati huo alikuwa amekwisha kuona kwamba kuna tatizo, alibadilisha hitimisho lake. Makala ilitoka mwaka 1937 katika Journal of the Franklin Institute ikiwa imesahihishwa.

Waswahili husema kinyozi hajinyoi. Einstein alikuwa kinyozi bora wa zama zake, na bado alihitaji mkono wa mwenzake. Mawimbi ya mvutano yalinaswa na mitambo ya LIGO nchini Marekani Septemba 2015. Watafiti zaidi ya 1,000 wa mradi huo walificha furaha yao kwa miezi kadhaa hadi wapitiaji wa Physical Review Letters, jarida ndugu na lile lililomkasirisha Einstein, walipoikubali kazi yao. Tangazo kwa ulimwengu na makala vilitoka siku moja, tarehe 11 Februari 2016.

Baada ya vita

Kilichoyafanya mapitio kuwa sheria ya karibu kila jarida ni mambo ya nusu ya pili ya karne ya 20. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali, hasa ya Marekani, zilimwaga fedha katika utafiti. Idadi ya watafiti ikapanda, fani zikagawanyika, na mhariri mmoja hakuweza tena kuelewa kila kinachoingia mezani. Mashine ya Xerox, iliyoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1950, ilifanya iwe rahisi kutoa nakala za mswada na kuzituma kwa watu watatu kwa pamoja.

Hata hivyo mabadiliko yalikuja polepole. Makala ya James Watson na Francis Crick kuhusu umbo la DNA ilichapishwa na Nature mwaka 1953 bila kupelekwa kwa wapitiaji. Nature ilifanya mapitio kuwa sharti mwaka 1973 tu. Kisha ikaja siasa. Mwaka 1975 baadhi ya wabunge wa Marekani walihoji kwa nini fedha za umma zinatolewa kwa miradi waliyoiona haina maana, wakataka Bunge liwe na sauti katika uteuzi. Wanasayansi walijitetea kwa kusema kwamba wataalamu wenza ndio wanaostahili kupima kazi ya wataalamu. Tangu wakati huo mapitio, yaliyoanza kama msaada wa mhariri, yakavishwa joho la mlinzi wa ukweli wa sayansi nzima. Joho hilo lilikuwa kubwa kuliko mwili wake.

Safari ya mswada

Leo njia ni hii. Mwandishi huwasilisha mswada wake kwenye tovuti ya jarida. Mhariri huusoma kwanza yeye mwenyewe: je, unahusu mada za jarida? Una hoja mpya? Umefuata taratibu za utafiti na maadili? Miswada mingi huishia hapo. Unaovuka hupewa wataalamu wawili au watatu. Katika majarida mengi ya sayansi wapitiaji humjua mwandishi lakini yeye hawajui. Katika majarida mengi ya lugha, historia na jamii, majina hufichwa pande zote mbili.

Mpitiaji huangalia kama swali la utafiti linaeleweka, kama njia zilizotumiwa zinaweza kulijibu, kama data zinabeba uzito wa hitimisho, na kama kazi za waliotangulia zimetajwa kwa haki. Hushauri moja kati ya mambo manne: ikubaliwe, ifanyiwe masahihisho madogo, ifanyiwe masahihisho makubwa, au ikataliwe. Uamuzi ni wa mhariri, naye anaweza kwenda kinyume na ushauri akiwa na sababu. Mwandishi anayetakiwa kusahihisha hujibu hoja moja moja kwa maandishi, akieleza alichobadilisha na asichobadilisha. Mzunguko huo unaweza kuchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka.

Kazi hii kwa kawaida hailipwi. Mpitiaji huifanya usiku baada ya kufundisha, au mwishoni mwa wiki, kwa sababu kuna mwingine aliyewahi kumfanyia yeye hivyohivyo. Kila anayepeleka makala moja anajipatia deni la kusoma makala za wenzake mbili tatu. Deni hilo likilipwa, jarida linaishi.

Kwetu Afrika Mashariki

Kanda yetu ina historia yake katika jambo hili. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ilikuwa, pamoja na mengine, chombo cha kupitia miswada. Vitabu vya shule vya Kiswahili vilipelekwa kwa wasomaji wake, na ithibati yake ikawa kigezo cha lugha sanifu. Katika miaka ya mwanzo wajumbe walikuwa Wazungu, wakikihukumu Kiswahili cha watu waliokinyonya pamoja na maziwa ya mama. Ilichukua muda hadi Waafrika wakapata viti, na baadaye Shaaban Robert mwenyewe akawa mjumbe. Taarifa ambazo kamati hiyo ilikuwa ikizitoa ndizo zilizokua na kuwa jarida la Kiswahili, linalotolewa hadi leo na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Humo mswada wa Kiswahili kuhusu Kiswahili hupitiwa kwa Kiswahili.

Katika tiba, jarida la East African Medical Journal lina mizizi ya mwaka 1923, lilipoanza Nairobi kwa jina la Kenya Medical Journal. Ndilo jarida lililoguswa na mojawapo ya masomo makubwa ya kanda hii. Mwaka 1990 Rais Daniel arap Moi wa Kenya alitangaza hadharani Kemron, dawa yenye kiasi kidogo cha interferoni alfa iliyotolewa na watafiti wa taasisi ya KEMRI kwa watu wenye virusi vya UKIMWI. Matokeo yenye matumaini makubwa yalichapishwa katika majarida mwaka huohuo, likiwamo hilo la Nairobi. Lakini utafiti haukuwa na kundi la wagonjwa wa kulinganisha. Majaribio yaliyofuata, moja likiwa la Kampala lililohusisha zaidi ya wagonjwa 500 waliogawanywa kwa bahati nasibu kati ya dawa na kidonge kitupu, hayakuona faida yoyote. Watu waliokuwa wakiuza mali ili wapate dawa walistahili kwamba swali la kundi la kulinganisha liulizwe kwa sauti kubwa kabla ya tangazo. Madaktari wa Kampala ndio waliokamilisha kazi ambayo mapitio ya awali hayakuikamilisha.

Mfano mwingine wa kwetu unaelekea upande wa pili. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Akiwahi nafasi ndani ya friji, aliweka maziwa yake yakiwa bado ya moto, akakuta yameganda kabla ya yale yaliyopozwa. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Alipohamia Mkwawa, Iringa, akaendelea kuuliza na kuchekwa. Siku moja Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alifika shuleni kutoa mhadhara, na Mpemba akamuuliza swali lake mbele ya wanafunzi waliokuwa wakimcheka. Osborne hakuliamini, lakini aliahidi kulijaribu, na akalijaribu. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha matokeo katika jarida la Physics Education, na jambo lile likapewa jina la Mpemba duniani kote.

Mjadala bado unaendelea. Mwaka 2016 watafiti wawili walichapisha kipimo chao wakisema kwamba kwa maji hawakuuona ushahidi wa kutosha. Mwaka 2020 wengine wakaonyesha katika Nature, kwa majaribio ya chembe ndogo ndani ya maji, kwamba kitu cha moto kinaweza kweli kupoa haraka kuliko kilichokuwa na joto dogo. Haya yote yaliwezekana kwa kuwa mmoja wa wasomaji wa kwanza wa swali la Mpemba alichukua kipimajoto badala ya kucheka.

Nyufa

Mapitio yenyewe yamepimwa pia, na majibu yanatia adabu. Mwaka 1982 wanasaikolojia Douglas Peters na Stephen Ceci wa Marekani walitoa taarifa ya jaribio lao. Walichukua makala 12 zilizokuwa zimekwisha kuchapishwa, wakabadilisha majina ya waandishi na kuweka vyuo visivyojulikana, kisha wakazirudisha kwa majarida yaleyale. Tatu ziligunduliwa. Kati ya 9 zilizobaki, 8 zilikataliwa, nyingi kwa madai ya udhaifu wa njia za utafiti. Mwaka 1998 jarida la BMJ lilipandikiza makosa 8 katika makala na kuituma kwa wapitiaji wake. Kwa wastani waliona mawili.

Nyufa nyingine zinatokana na tamaa. Mwaka 2013 jarida la Science lilieleza jinsi mwandishi John Bohannon alivyotuma makala ya uongo, yenye makosa ya wazi, kwa majarida 304 yanayotoza waandishi ada. Majarida 157 yaliikubali. Majarida ya aina hiyo hudai kuwa na wapitiaji, hupokea fedha, na kuchapisha chochote. Watafiti wetu vijana, wakikimbizwa na masharti ya kupanda cheo, ni windo lao kubwa.

Hata jarida kubwa huteleza. Mei 2020, katikati ya janga la korona, The Lancet lilichapisha utafiti uliosema kwamba dawa ya hydroxychloroquine inaongeza vifo, ukidai kutumia kumbukumbu za hospitali 671 za mabara sita. Shirika la Afya Duniani likasimamisha kwa muda majaribio ya dawa hiyo. Wasomaji ndio waliostuka. Waliona, pamoja na mengine, kwamba data za Afrika hazikubaliki akilini: zilidai kubeba karibu robo ya wagonjwa wote wa bara kwa wakati ule, wote wakiwa katika hospitali zenye kumbukumbu kamili za kompyuta. Yeyote anayezijua hospitali zetu angeuliza swali hilo siku ya kwanza. Wiki mbili baada ya kuchapishwa, makala iliondolewa.

Kinachohitajika

Dunia ya majarida sasa inarudi kwenye pendekezo la Whewell. Jarida la EMBO lilianza kuchapisha ripoti za wapitiaji mwaka 2009. eLife, tangu mwaka 2023, huchapisha ripoti za wazi pamoja na makala iliyopitiwa, bila hukumu ya kukubali au kukataa. Mwaka 2025 Nature ikatangaza kwamba makala mpya za utafiti zitatoka pamoja na mazungumzo kati ya wapitiaji na waandishi. Ni hatua njema, kwa sababu mtu anayejua kwamba sababu zake zitasomwa huzipima kabla ya kuziandika. Ripoti ya Lubbock juu ya Waterston isingethubutu kuwa ya maneno machache kama ingejulikana kwamba itachapishwa.

Kwa upande wetu, kazi ya kwanza ni kuipa heshima kazi ya kusoma. Vyuo vikuu hupandisha watu vyeo kwa kuhesabu walichochapisha. Aliyesoma miswada 10 ya wenzake kwa uangalifu na kuifanya bora hana pa kulionyesha jasho lake. Vyuo vya Dar es Salaam, Nairobi, Makerere na Zanzibar vinaweza kubadilisha hilo kwa kuingiza mapitio katika vigezo vya cheo, na kuwafundisha wanafunzi wa uzamili namna ya kuandika ripoti ya haki: inayotaja nguvu ya kazi kabla ya dosari, inayoonyesha kosa kwa ushahidi, na isiyomdhalilisha mtu. Majarida ya Kiswahili nayo yanahitaji wasomaji mabingwa katika kila fani, kuanzia kilimo hadi sheria, ili anayefikiri kwa Kiswahili apimwe na mtu anayemwelewa.

Na sisi wasomaji wa kawaida tunapaswa kujua muhuri wa mapitio unaahidi nini. Unaahidi kwamba watu wawili watatu wenye ujuzi wamesoma na kuuliza maswali. Ukweli wenyewe huendelea kujengwa baada ya hapo na wale wanaorudia jaribio, wanaogundua data isiyoingia akilini, na wanaoandika tena kusahihisha. Hooke alifanya hivyo, Robertson alifanya hivyo, na madaktari wa Kampala wakafanya hivyo. Jarida linalotaka kuaminiwa liwatafute watu wa aina hiyo, liwape muda, na liwashukuru kwa majina yao.